Kishada cha Kanzu na Pete ya Mwanga

Mmeniomba maneno mawili matatu ya kubandika ukutani pale maabara, juu ya sinki, ati "nasaha za Ami Nassor". Loh! Nasaha za ukutani mie sina. Nilikuwa fundi wa meza tu, ile meza nzito ya chuma iliyojaa matundu, na kazi yangu miaka yote ilikuwa kuuweka mwale wa leza pale pale unapotakiwa, si pembeni yake. Nikianza kuhadithia naruka huku na huku, na mke wangu, Bi Moza, kila akipita hapa sebuleni ananiuliza kama nnaandika barua ya mahakamani. Basi nivumilieni. Tieni kahawa, mkae.

Kwanza kazi yenyewe, kwa wale mlioingia juzi. Mwanga wa leza wa kawaida ukiupiga kwenye karatasi unapata nukta. Huu wetu tunausokota. Unakwenda mbele huku unajizungusha kama kamba inayosokotwa, na kwenye karatasi hupati nukta, unapata pete: mwanga umezunguka, katikati kiza. Kinachousokota ni kipande cha kioo kidogo kuliko kiganja, kimechorwa michirizi membamba isiyoonekana kwa macho. Hiyo ndo hologramu. Michirizi yote imekwenda sambamba, ila katikati pana mmoja uliogawika kama uma. Mwale lazima upite hapo kwenye mgawiko. Ukikosea kwa upana wa unywele, tena unywele wenyewe uupasue, pete inaharibika: upande mmoja inanenepa, upande wa pili inakonda, mwisho inakatika kabisa. Na pete si pambo. Miale iliyosokotwa kwa namna mbalimbali inaweza kupita njia moja, kila mmoja na habari yake, isiingiliane. Pete ikivunjika, habari ya huyu inamwagikia kwa yule.

Aliyenifundisha mie haya ni Mzee Suleiman, Mungu amrehemu. Kabla ya maabara alikuwa akitengeneza kamera kule Mutrah, karibu na bandari, siku ambazo bandari ilikuwa bandari ya mizigo na si ya watalii. Alikuwa na vidole vinene kama ndizi, na vidole hivyo hivyo vilikuwa vikigeuza skrubu usione kama vimesogea. Hakuwahi kunitolea neno baya. Akikasirika anakutazama tu, na wallahi ungeomba akutukane.

Wiki yangu ya kwanza niliona kioo kimoja mezani kina vumbi. Mtoto mwenye adabu mie, nikakipangusa kwa pindo la kanzu! Sasa vioo vya leza si kama vya chooni. Fedha yake iko mbele, haiko nyuma, na ukiipangusa kwa kitambaa unaikwaruza. Mzee Suleiman akakiangalia kile kioo, akaniangalia mie, akakifunga kwenye karatasi akanipa mkononi. "Mpelekee mkeo," akasema. Basi. Moza alikitumia kutilia wanja miaka na miaka, ati kinamtoa mwembamba.

Msicheke sana, maana na nyinyi yenu nnayajua. Nyinyi wa vibonye mnacho kile kioo cha kompyuta kinachoshika nafasi ya hologramu, mnachora michirizi kwenye skrini, mnabonya mara moja uma unasogea kulia, mnabonya tena unasogea kushoto. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini mkishabonya mnadhani mmemaliza. Leza hamjaiacha ipate moto. Mnaiwasha mnaanza kupima hapo hapo, nayo bado inatembea. Iwacheni nusu saa, nendeni mkanywe chai, mrudi. Na skrubu ni moja moja. Mwale unaelekezwa na vioo viwili upite kwenye matundu mawili yaliyosimamishwa mezani: kioo cha kwanza ni cha kurekebisha tundu la karibu, kioo cha pili ni cha tundu la mbali, unakwenda huku unarudi kule mpaka mwale upite kote kuwili. Anayegeuza skrubu mbili kwa pamoja hajui alikotoka wala anakokwenda. Tena malizia kwa kukaza, usimalizie kwa kulegeza, kwa sababu ya zile springi zinazokishika kioo. Halafu uondoe mkono, uvute pumzi mbili tatu, ndo utazame. Mkono una uzito na una joto. Unachokiona mkono ukiwa juu ya skrubu si kweli.

La mwisho, na hili ni la wanaume. Kanzu zetu za hapa zina kishada shingoni, kile kinachoning'inia kifuani, tunachokitia manukato. Mzee Suleiman alikuwa na sharti moja mlangoni: viatu nje, kishada ndani. Unakichomeka ndani ya kanzu kabla hujaikaribia meza. "Ukiinama," alikuwa akisema, "wewe unatazama mbele, kishada kinatazama chini." Nikalishika sharti hilo tokea ujana wangu mpaka mvi zikaniota. Nikawa mie ndiye ninayesimama mlangoni kuwakagua wengine. Sasa nikuhadithieni siku niliyoliacha.

Mwaka wangu wa mwisho kazini Moza aliumwa. Alipasuliwa, akalala miezi miwili, hata kukaa kitako ni kazi. Na kwetu sisi, tokea tulipooana, kila asubuhi yeye ndiye anayetia manukato kishada changu. Anachanganya mwenyewe, udi na waridi na kitu kingine asichotaka kunambia mpaka leo. Miezi miwili ile nilikwenda kazini nanuka sabuni.

Jumapili moja nnavaa, nikasikia ananiita. Nikamkuta kasimama mbele ya meza yake ya kujipambia, kasimama kwa miguu yake, kajishika ukingoni. "Sogea hapa," akanambia. Mkono unamtetemeka. Akachovya ncha ya kishada kwenye kichupa, akaikamua kwa vidole, akanipigapiga kifuani. "Haya nenda, usichelewe." Niliendesha gari kutoka kwetu Bawshar mpaka kazini machozi yananitoka, gari la pembeni watu wananitazama. Nilipofika mlangoni nilivua viatu. Kishada sikukichomeka. Msije mkadhani nilisahau. Nilikataa kwa makusudi, nilitaka kumnusa mke wangu siku nzima.

Kulikuwa na mwanafunzi wakati huo, Ghalia. Mtu mzima, mwalimu wa fizikia skuli ya wasichana, mama wa watoto wawili, kapewa likizo ya masomo na likizo inamalizikia mwezi ule. Kile kioo cha kompyuta kilikuwa kimepelekwa nje kutengenezwa, kwa hivyo akifanya kazi na hologramu za kioo, zile za zamani. Kabakisha vipimo vya mwisho tu. Daktari wetu, mkuu wa maabara, alikuwa kamwambia wazi: mpaka Alkhamis saa nane mchana meza ni yako, baada ya hapo ni ya mwenzako. Asipopata vipimo anarudi skuli bila ya shahada, na miaka yake mitatu imekwenda na maji.

Jumapili ile asubuhi akaniomba nimwangalie kama kishikio cha hologramu kimekaa sawa. Nikainama, nikaangalia, nikamwambia kimekaa sawa. Adhuhuri, alipoanza kupima, akaikuta pete yake imevunjika.

Masikini, alihangaika! Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Akiiweka sawa kwenye karatasi ya karibu pete inafunga vizuri. Tulikuwa tunaupeleka mwale mpaka mwisho wa ujia, huko pana kioo kinaurudisha, unakuja kuanguka kwenye karatasi ya pili hapo hapo mezani. Basi ya karibu imefunga, ya mbali imekatika. Anairekebisha ya mbali, ya karibu inakatika. Shikeni hili: pete inayofunga karibu ikavunjika mbali hiyo si pete, na mara nyingi kosa haliko kwenye skrubu zako. Mie nilijua hivyo, lakini nilikuwa nimeshughulika na simu za nyumbani, Moza kala, Moza kalala, nikamwambia tu, "Endelea, itakuja." Akaendelea. Daktari akipita anatikisa kichwa.

Jumanne adhuhuri Ghalia alikwenda kusali, nikabaki peke yangu. Nikasema hebu nikitazame hicho kioo chenyewe. Nikakitoa kwenye kishikio, nikakileta karibu na uso kwa sababu ya macho yangu haya. Sikuona kitu. Nikasikia harufu. Udi na waridi na kile kitu kingine.

Kioo kinanuka Moza! Nikakigeuzageuza kwenye taa, ndo nikaiona, alama ya mafuta ya manukato pembeni kidogo ya pale kwenye uma, ndogo kama jicho la sisimizi. Mwanga unaopita upande ule ulikuwa ukicheleweshwa na mafuta. Mtoto wa watu siku tatu anakimbizana na skrubu, na skrubu hazina kosa.

Nikakirudisha. Ndiyo, nikakirudisha kwenye kishikio, nikanyamaza. Nawaambieni haya kwa sababu mnapenda kuniita mtu mnyoofu. Ghalia akarudi, akanambia, "Ami, umeona chochote?" Nikamwambia, "Bado." Nikaenda zangu nyumbani.

Nilikuwa nimebakisha wiki chache nistaafu. Kila mgeni akija, Daktari alikuwa akinionyesha kwa kidole: mkono wa Ami Nassor huo, haujawahi kuharibu hata kioo kimoja. Hakijui kile cha wanja. Na zaidi ya hilo kulikuwa na Moza. Siku ile kala nusu sahani, kwa mara ya kwanza, akakaa mezani na mimi. "Kazi inakwendaje?" akaniuliza, na uso wake una rangi. Nimwambie nini? Kwamba alichonifanyia kwa mapenzi kimemharibia mtu maisha? Nikamwambia kazi inakwenda vizuri. Sikulala vyema.

Jumatano asubuhi nikaingia, nikamkuta Daktari kasimama mezani na Ghalia. Sauti ya Daktari haikuwa ya ukali. Ingekuwa ya ukali pengine ningeendelea kunyamaza. Alikuwa anamwambia kwa upole, "Labda kazi hii si yako, mwanangu. Si aibu. Wewe ni mwalimu mzuri." Na Ghalia akamjibu, "Kweli, Daktari. Mkono wangu mzito."

Ya Allah! Nilihisi kama nimechomwa kisu. Nikasema, "Mkono wake hauna kosa. Mie ndiye niliyeharibu."

Wakageuka wote wawili. Nikakitoa kioo, nikampa Daktari. "Kinuse."

Daktari akakinusa. Akanitazama kifuani, kishada changu siku hiyo kimo ndani, akakitazama tena kioo. "Wewe, Ami Nassor? Wewe unayetusimamisha mlangoni?"

"Mie."

"Umejua lini?"

Hapo ndo pagumu. "Jana adhuhuri," nikasema.

Daktari akakiweka kioo mezani, akamwambia Ghalia kuna hologramu nyengine kama ile kabatini, lakini mwenzake keshaahidiwa meza, kwa hivyo saa ni ile ile, kesho saa nane. "Na iwe kwa mkono wako mwenyewe," akasema. "Nataka niandike kwamba uliweza." Akatoka.

Ghalia akabaki ananiangalia. "Siku tatu, ami," akasema. "Siku tatu nnakaa garini pale nje nnalia kabla sijakwenda kuwachukua watoto. Nilishamwambia mume wangu kuwa mie sina akili ya kazi hii."

"Siku mbili na nusu sikujua, mwanangu. Hiyo nusu nyengine nilijua. Na hiyo ndo isiyo na udhuru."

"Kwa nini hukusema?"

Nikamweleza. Nikamweleza yote, kichupa, mkono unaotetemeka, miezi miwili ya kunuka sabuni. Alisikiliza bila ya kunikata. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akavuta pumzi. "Bi Moza amesimama?" akauliza.

"Amesimama."

"Alhamdulillahi," akasema. Halafu, "Lakini mie bado nimekasirika."

"Haki yako."

"Haya, kalete hicho kioo kipya."

Moza sikumwambia mpaka alipopona sawasawa. Nilidhani atalia. Alicheka mpaka akajishika mbavu, halafu akanipiga mto wa kichwa. "Na mtoto wa watu ukamliza siku tatu! Huoni haya!" Wiki ile ile akamwita Ghalia na watoto wake nyumbani, akawapikia, akamtia manukato yeye mwenyewe. Lakini hayo ni ya baadaye.

Jumatano yote ilikwisha kwa kuupanga mwale upya tokea mwanzo, maana kioo kipya hakikai sawa sawa na cha zamani hata ukikipima vipi. Alkhamis asubuhi ndo tukaanza kuutafuta uma. Nasema tukaanza, mie nilikaa kwenye kiti, mikono nimeikalia. Wallahi nimeikalia, chini ya mapaja, kwa sababu ilikuwa inakwenda yenyewe kwenye skrubu. Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama ile ya kukaa.

Ghalia alikwenda polepole. Robo ya robo ya mzunguko, mkono nje, pumzi, anatazama. Saa sita pete ya karibu ikafunga. Ya mbali ikawa imenenepa upande wa juu. Akarudi kioo cha kwanza. Saa saba unusu ya karibu imefunga, ya mbali imekaribia. Mie natazama saa ya ukutani, natazama karatasi. Robo saa kabla ya saa nane nikatazama karatasi ya mbali, nikaiona pete. Nzima! Duara, imejaa, kiza chake katikati. Nikainuka kwenye kiti.

"Ondoa mkono, mwanangu! Ondoa, imefika! Pima!"

Hakuondoa. "Bado, ami."

"Imefunga, wallahi imefunga! Saa hizo zinakwenda!"

"Chini, upande wa kushoto. Imekonda."

Nikasogea. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Nikaona pete nzima, nzuri, haina ila. Nikataka kumkemea. Tokea wakati wa Mzee Suleiman mie ndiye niliyekuwa nikisema imefika, na nikishasema, hakuna tena wa kusema. Nikafungua mdomo, nikakumbuka Jumanne, nikaufunga.

Akaipiga picha kwanza kwa kamera ya pale mezani. Halafu akaweka kidole kwenye skrubu. Sikuona kidole kikisogea. Akaondoa mkono, akavuta pumzi, mara moja, mara mbili, mara tatu, akapiga picha ya pili, akaziweka zote mbili kwenye skrini, kubwa kubwa, moja pembeni ya mwenzake.

Ile ya kwanza, yangu mie, ile niliyoapia, ilikuwa imekonda chini kushoto. Ilikuwa karibu kukatika.

Akaanza kupima. Alimaliza saa nane kasoro dakika mbili. Daktari akaingia na yule mwanafunzi mwengine nyuma yake, akasimama mbele ya skrini. Akaangalia sana. Halafu akanigeukia mie, uso umefunguka, na mie nikajua anachotaka kuuliza.

"Mkono wako huu, Ami Nassor?"

"Wa Ghalia," nikamwambia. "Mie nilimwambia aache, na ilikuwa bado mbovu."

Ghalia kainamia daftari lake anajifanya anaandika, na kalamu imesimama. Vipimo vile ndivyo vilivyompa shahada, na ndiye huyo huyo anayewafundisheni nyinyi sasa, kwa hivyo akikwambieni bado, msibishane naye. Mie nilibishana naye, na macho yangu yalikuwa yamekwisha muda mrefu bila ya mtu yeyote kujua, hata mimi mwenyewe. Siku ile nilirudi nyumbani mapema, na njia nzima sikuwa na huzuni hata kidogo.